Baba Hakujua Tuko Laivu

Wiki iliyopita niliwaacha pale fundi wa kuchomelea, jirani yetu, alipowasha mashine yake, umeme ukakatika, nami nikabaki nimekodolea macho kioo cheusi huku watazamaji wangu wote watatu wakiyeyuka. Mmoja wa hao watatu nilikuwa mimi mwenyewe, kwa simu.

Kama hukuwepo, usijali, hukupitwa na mengi. Duka la simu nilimokuwa nikiuza lilifungwa, nikarudi kwa wazazi wangu na begi moja, kompyuta moja kongwe na ndoto ya kurusha gemu mtandaoni mpaka watu wanijue. Chaneli nilikuwa nayo. Watu ndio sikuwa nao.

Leo nawaeleza jinsi watu walivyokuja, na jinsi nilivyotamani wangebaki huko huko walikokuwa.

Gemu yangu ni ya malori. Unapakia mzigo, unaingia barabarani, unavuka milima ya nchi za theluji, unafikisha. Niliichagua kwa sababu gemu za vita zilikuwa zinaifanya kompyuta yangu ikohoe. Hakuna sababu nyingine, msinitafutie hekima.

Kazi yenyewe iko hivi. Unabonyeza kitufe chekundu, kamera inakuonyesha pembeni ya skrini, na kila anayekufuata simu yake inalia kengele kumjulisha kwamba umeanza. Kisha unaongea. Hata kama hakuna mtu, unaongea. Mtu mzima mwenye ndevu nilikuwa nakaa chumbani mchana kweupe nikiuambia ukuta, "Karibuni sana jamani, msisahau kunifuata!"

Mfuasi wangu wa kwanza alijiita Kiti cha Nyuma. Huyo hakukosa hata siku moja. Haandiki mengi. "Leo umekonda." "Kula kwanza, barabara haikimbii." "Hilo shati umelivaa tangu juzi."

Siku moja nikamuuliza hewani, "Kaka, wewe ni dereva?"

Akaandika, "Mimi ni abiria wa miaka mingi."

Nikacheka sana. Nikajua ni jibaba fulani lililostaafu, limekaa mahali halina la kufanya.

Sasa Baba. Baba ni dereva wa lori, lori la kweli, tangu sijazaliwa, na kampuni yake ni ile ile moja. Akiwa safarini nyumba inapumua. Akirudi analala siku nzima, akiamka anatafuta cha kukosoa. Mwezi ule lori lake lilikuwa gereji likisubiri kipuri, kwa hiyo alikaa nyumbani, na vya kukosoa vikaanza kumwishia. Ndipo akafika mlangoni kwangu.

"Unafanya nini humo?"

"Naendesha lori, Baba."

"Wewe? Baiskeli ilikushinda."

Akaingia, akaketi kitandani nyuma yangu. Nilikuwa laivu. Nilitaka kumwambia, lakini nilijua angeuliza laivu ni nini, na mimi nilikuwa kwenye mteremko mkali.

"Unashuka na gia gani hapo?"

"Kubwa, Baba. Nawahi."

"Unawahi kaburini. Rudisha gia! Mteremko unashukwa kwa gia, breki ni ya kusimamia. Ukizikanyaga njia nzima zinachemka, zikishachemka unakanyaga hewa. Rudisha, nimesema!"

Nikarudisha. Lori likanguruma, likatulia, likashuka taratibu. Kwenye komenti akatokea mtu nisiyemjua: "Huyo mzee ni nani?" Akatokea mwingine: "Mwambie asiondoke."

Baba hakuondoka. Siku ya pili alikuja na chai yake. Siku ya tatu aliniuliza kwa nini nimechelewa kuanza. Alikuwa anayagombeza magari ya kwenye skrini kana kwamba wenyewe wanamsikia. "Huyu naye kapewa leseni na nani? Mpishe, mpishe, ana haraka ya kuzikwa huyo." Akimaliza kugombeza anasimulia: utingo aliyesinzia na kujifunga kamba asidondoke, daraja lililosombwa akiwa bado ana nusu ya lori juu yake, mbuzi aliyepanda nyuma bila nauli akashuka mjini.

Wakamwita Mzee Gia. Kutoka watu watatu nikafika thelathini, kisha mia, kisha nikaacha kuhesabu kwa sababu nilikuwa nahesabu huku natabasamu peke yangu. Vijana waliokuwa wakijifunza udereva wakawa wanauliza maswali, nami nayasoma kama yangu, Baba anayajibu.

"Na hili dude jeusi lililoinama mbele yako?" aliniuliza siku moja, akionyesha maikrofoni.

"La gemu, Baba."

"Na haya maandishi yanayopanda?"

"Ni mambo ya gemu tu."

Sikudanganya. Ila ukweli nao sikuusema. Nilijua siku nitakayomwambia kwamba watu wanamsikia, atavaa koti, atakohoa, ataanza kuongea kama msemaji wa arusi, na Mzee Gia atakuwa amekwisha. Nilijiambia nitamwambia kesho. Kesho yenyewe ikawa inasogea kila nikiikaribia.

Mama alikuwa chumba cha pili na cherehani yake, mlango wazi. Akisikia Baba anacheka alikuwa anasimamisha cherehani. Nilidhani anafurahi.

Siku ya balaa ilianza vizuri. Watu walikuwa mia mbili na ushee. Nilikuwa nimebeba magogo, gari dogo likanipita upande wa kulia, nikapiga kelele. Baba hakushtuka. Gari lilipofika katikati ya skrini ndipo akasema, "Hili nalo limetoka wapi?"

Hapo Kiti cha Nyuma akaandika: "Muulize mzee, mbona akitaka kutazama kulia anageuza shingo nzima?"

Nikauliza, kama nilivyozoea. "Baba, mbona ukitaka kutazama kulia unageuza shingo nzima?"

Nikasikia anaweka kikombe chini.

"Mama yako yuko wapi?"

"Chumba cha pili."

"Funga mlango."

Nikasimama, nikaufunga. Niliufunga mlango Mama asisikie, na watu mia mbili nikawaacha wameketi ndani. Mpaka leo nikikumbuka mkono wangu juu ya kile kitasa, napata joto la uso.

"Jicho la kulia limekwisha," Baba alisema. "Limeingia ukungu. Naona mwanga tu, watu siwaoni."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana. Nimezoea. Nageuza shingo."

"Lakini si mnapimwa macho kila mwaka?"

Akaanza kucheka. "Ule ubao wa herufi? Nilipanga foleni nyuma ya dereva mmoja mwenye sauti ya mnada. Alivyokuwa anazisoma, mimi nazishika kichwani. Zamu yangu ilipofika nikaziimba zote, mpaka ile mistari ya chini ambayo hata muuguzi mwenyewe haioni. Akaniambia, mzee, una macho ya kijana."

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka, na kicheko changu kimo kwenye klipu, mtakisikia.

"Na mwaka huu wakibadilisha ubao?"

"Nitasimama nyuma ya mwingine." Kisha sauti ikashuka. "Sikiliza, mwanangu. Hili libaki kwetu wawili. Mama yako akijua hatalala tena. Na ofisini wakijua, funguo naziacha mezani siku hiyo hiyo. Sasa mimi nisipoendesha, niwe nani? Niwe mzee wa kukaa kibarazani kuuliza watu wanatoka wapi?"

Ndipo nilipotazama pembeni ya skrini. Komenti zilikuwa zinapanda kwa kasi ambayo sijawahi kuiona. Wengine wanacheka. Wengine: "Huyu anaendesha barabarani kweli?" Mmoja: "Mke wangu husafiri kwa barabara hizi hizi."

Nikazima.

"Mbona umezima?" akauliza Baba.

"Imekwama."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapostahili kuchapwa. Ukizima, rekodi inabaki kwenye chaneli. Kuifuta ni kubonyeza mara mbili. Nilikuwa na kidole hapo hapo. Lakini idadi ya wafuasi ilikuwa inapanda mbele ya macho yangu, nami kwa wiki nyingi nilikuwa nauambia ukuta karibu. Nikajiambia: ngoja nikale kwanza.

Nilikula. Nilikula taratibu, jamani. Niliporudi nikaifuta, na ilikuwa bure. Mtu alishakata kipande kile cha jicho, kikawa kinazunguka kwenye makundi ya madereva kwenye simu. Kimeandikwa juu: "Mzee Gia, jicho moja, lori zima."

Kesho yake simu ya Baba ililia tukiwa mezani. Alikuwa msimamizi wa madereva. Baba aliongea naye kwa kusimama, kama kawaida yake.

"Ndiyo, bosi. Kesho asubuhi. Na leseni? Nitakuja nayo, bosi."

Akakata, akatutazama, uso umemchanua. "Mama watoto, mambo yameiva! Unakumbuka nilivyoomba niwafundishe madereva wapya? Wananiita. Msimamizi anasema amenisikia nikifundisha. Sijui kanisikia wapi, labda kule gereji."

Mama alisema, "Lete shati nikupigie pasi," akaondoka na sahani ambayo Baba alikuwa hajaimaliza.

Nilimfuata Baba uani. Niliapa kwamba safari hii namwambia. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni: Baba, ile gemu si gemu tu.

"Baba, kuna kitu nataka..."

"Hata mimi nina kitu," akanikatiza. Akaingia stoo, akatoka amekumbatia usukani. Usukani wa lori, mkubwa, umechakaa pale mikono inaposhika. "Huu ulikuwa kwenye lori langu la kwanza. Linachinjwa kule gereji, nikawaambia usukani ni wa kijana wangu. Siwezi kumfundisha mtu udereva ameshika kipanya. Tafuta fundi akuungie kwenye hiyo mashine yako."

Nikaupokea. Ulikuwa mzito.

"Haya, ulitaka kusema nini?"

"Asante, Baba," nikasema. Basi. Sentensi yangu nzima nikaimeza.

Asubuhi aliondoka amenyooka, shati limenyooka, kitita cha funguo za lori kinaning'inia kiunoni. Mlangoni aligonga bega la kulia kwenye fremu, akaisukuma kama mtu aliyemkanyaga, akaenda zake.

Nilishindwa kukaa. Nikaingia kwa Mama. Alikuwa anashona pindo la pazia la mteja.

"Mama, nimemuua Baba."

"Keti," akasema, bila kuinua macho.

Nikamweleza yote: kamera, watu, mlango nilioufunga, chakula nilichokula taratibu. Nilikuwa nalia, sifichi. Yeye akaendelea kukanyaga cherehani mpaka pindo likafika mwisho. Akakata uzi.

"Jicho nalijua," akasema. "Nililijua kabla yako. Mtu nimelala naye miaka yote hii, akianza kumwaga chai upande mmoja wa kikombe nisijue? Nilimuuliza. Akasema ni usingizi. Nikamuuliza tena, akanikasirikia. Nikamwambia twende hospitali, ukungu wa jicho unatolewa, mama mdogo wako si alitolewa? Akasema mimi namtakia uzee."

"Kumbe ulijua na ukanyamaza?"

"Nani kakwambia nilinyamaza?"

Simu yake ilikuwa juu ya kitambaa. Akaisukuma kuelekea kwangu. Kwenye kioo chake niliona chaneli yangu. Niliona uso wangu mdogo wa kijinga pale pembeni. Na chini, pale panapoandikwa jina la mwenye simu, niliona jina nililolisoma kwa sauti kila siku tangu siku ya kwanza.

Kiti cha Nyuma.

Nikaichukua simu, nikalisoma tena.

"Ulipoanza ulikuwa unaongea peke yako," Mama akasema. "Nilikuwa nakusikia ukutani. Nikaona mtoto wangu atachanganyikiwa, angalau awe na mtu mmoja. Mtoto wa jirani akanionyesha pa kubonyeza."

"Basi lile swali la shingo..."

"Nililiandika mimi. Kwangu alikuwa hasemi. Kwako alikuwa anasema kila kitu. Nilitaka nimsikie akilitamka kwa mdomo wake, basi. Sikujua atakwambia na habari ya ubao." Sauti yake ikatetemeka hapo, mara ya kwanza. "Akiwa safarini, kila simu ikilia nashika ukuta kabla sijapokea. Wewe hujui. Na si yeye tu. Ni huyo atakayekuwa upande wake wa kulia, mwenye baiskeli, mwenye mtoto mgongoni. Nimechoka, mwanangu."

Nikaanza kuelewa, na nilivyoelewa sikupenda.

"Mama. Ile klipu ilifikaje ofisini?"

Alichukua mkasi, akauweka, akauchukua tena.

"Nilimtumia msimamizi mimi mwenyewe, kwa jina hilo hilo la kiti. Anichukie, lakini anichukie akiwa mzima."

Geti likalia. Mama akaitia simu mfukoni.

Hakuna mtu anayetoka kwenye kikao cha kupandishwa cheo mapema kiasi kile. Tulisikia hatua zake, zikaja mpaka sebuleni, zikasimama. Tukatoka. Kiunoni kwake hakukuwa na funguo.

"Wamenionyesha video," Baba akasema.

Mama alikuwa bado ameshika mkasi.

"Nimeketi kwenye kiti, msimamizi kanigeuzia kompyuta, nikajiona nimekaa kitandani kwako na kikombe changu. Nacheka. Wote ofisini walishaiona. Hata mfagizi."

"Baba, nisamehe. Mimi ndiye..."

Akainua mkono. "Wewe nitakufikia. Wewe una siku yako." Alikuwa anaongea polepole mno. Ningependa angepiga kelele. "Funguo wamechukua, mpaka hospitali waseme. Hilo ni langu, nililitafuta. Lakini nimeuliza, nani kaileta? Msimamizi akaniambia imeletwa na mtu anayejiita Kiti cha Nyuma. Namba hakunipa. Mtu gani mwanamume anajificha kwenye jina la kiti?"

Nilihisi Mama anasogea pembeni yangu. Nikamshika mkono.

"Washa hilo dude," Baba akasema.

"Baba, si leo."

"Umenionyesha kwa watu mia mbili nikiwa sijui. Sasa nionyeshe nikiwa najua. Kama ananitazama kila siku, atanitazama na leo. Nina neno la kumwambia, na nataka alisikie kutoka kwangu."

Akaingia chumbani, akaketi kwenye kiti changu, mbele ya kamera. Ule usukani wake ulikuwa mezani, akaupakata. Nikasimama kushoto kwake. Mama alituachia hatua chache, kisha akaingia kimyakimya, akasimama upande wa pili, kulia, karibu kabisa na bega la Baba. Alikuwa ameamua kusema, nilimwona usoni. Nilimkatalia kwa kichwa. Midomo yake ikaniambia bila sauti, "Niache."

Baba hakumwona. Macho yake yalikuwa kwenye kioo.

"Washa," akasema. "Na mwite mama yako aje. Sitaki kusema haya akiwa hayupo."

Nikabonyeza kitufe chekundu. Kidole kikiwa bado kiko pale ndipo nikakumbuka kinachotokea kwenye simu ya kila anayenifuata, nami nilishachelewa. Mfukoni mwa gauni la Mama, kengele ikalia.

Baba akageuza shingo nzima.